Vipandio Vitatu vya Mlangoni: Uchambuzi wa Kisa cha Nyumba ya Likizo Nchini Hispania

Familia inayochambuliwa hapa nimeiunda mwenyewe, ila sheria, vipimo na kodi inazokumbana nazo ni vya kweli. Wazazi ni Waingereza. Baba ana miaka 68 na mama ana miaka 66. Binti yao ana miaka 37, na tangu alipokuwa na miaka 24 anaishi na ugonjwa wa skelerosisi, ule ambao kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando unaozifunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Nje hutumia kiti cha magurudumu cha umeme, na ndani huhamia kitandani au chooni akisaidiwa na mtu mmoja. Maamuzi na fedha zake anavisimamia mwenyewe, jambo ambalo nitalirudia, kwa kuwa katika shughuli za namna hii mwenye ulemavu ndiye huulizwa mwisho. Wote watatu wanataka nyumba katika pwani ya Costa del Sol, mkoani Málaga, ambamo watakaa jumla ya wiki kumi kwa mwaka kwa vipindi vitatu.

Mwezi Machi wazazi walisafiri peke yao kwenda kutafuta. Huko Benalmádena, mji ambao sehemu yake kubwa imejengwa kwenye miinuko inayotazama bahari, walionyeshwa fleti ya ghorofa ya pili katika jengo la miaka ya 1970, bei yake euro 210,000. Mmiliki wa awali alikuwa mzee aliyeirekebisha kwa ajili yake mwenyewe: sakafu ya bafu iko sawa na ya ukumbi, vishikio vimefungwa ukutani kwa uimara, na milango ya ndani imepanuliwa hadi sentimita 85. Dalali aliitangaza kuwa ni nyumba inayomfaa mtumiaji wa kiti cha magurudumu, na akataka arubuni ya asilimia 10 ndani ya wiki moja. Mama alipima bafu mara mbili kwa utepe, akapiga picha, akazituma kwa binti. Jibu la binti lilikuwa swali moja: mlango wa jengo ukoje?

Swali hilo ndilo kiini cha kisa chote. Wazazi walikuwa wamekagua kile kinachouzwa, na kwa kile kinachouzwa dalali hakusema uongo. Lakini bafu ni kitu ambacho mwenye nyumba anaweza kukivunja na kukijenga upya kwa wiki tatu kwa fedha zake bila kumwomba jirani ruhusa. Kinachomfungia mtu nje ni vile asivyouziwa na asivyoweza kuvigusa peke yake, yaani lango la jengo, lifti, mwinuko wa barabara, joto la Agosti, ndege itakayombebea kiti chake, na idadi ya siku anazoruhusiwa kukaa nchini.

Picha ya lango ilipofika ilionyesha vipandio vitatu, kila kimoja kina kimo cha sentimita 17, na kati ya kipandio cha chini na barabara pana mita 2.4 tu. Hesabu yake si ngumu. Kanuni za ujenzi za Hispania kwa majengo mapya zinaruhusu njia ya mteremko iwe na mwinuko wa asilimia 10 ikiwa ni fupi kuliko mita 3, asilimia 8 ikiwa ni fupi kuliko mita 6, na asilimia 6 kwa zinazozidi hapo. Vipandio hivyo vinafanya jumla ya sentimita 51. Kwa asilimia 8 njia ingehitaji urefu wa mita 6.4, nao umeshapita mpaka wa mita 6. Kwa hiyo inabidi ishuke hadi asilimia 6, na urefu unakuwa mita 8.5. Hata jengo la zamani likilegezewa masharti likaruhusiwa asilimia 10, bado mita 5.1 zinahitajika pahali penye mita 2.4. Njia ya mteremko haiwezekani hapo. Kinachobaki ni jukwaa dogo la umeme la kumpandisha mtu pamoja na kiti chake, na jukwaa hilo lazima lifungwe kwenye eneo la pamoja, ambalo ni mali ya wamiliki wote 20 wa jengo.

Lifti nayo ilikuwa na lake. Kibao chake kinasema watu 4, kilo 320. Kiti cha binti kina kilo 130, yeye mwenyewe ana kilo 61, na mama anayemsindikiza ana kilo 78. Jumla ni kilo 269, na baba alipofikia hapo alifurahi. Alisahau urefu. Kutoka nyuma ya kiti hadi ncha ya vikanyagio pana sentimita 112, na chumba cha lifti kina kina cha sentimita 100. Kiwango cha Ulaya cha lifti inayomchukua mtumiaji wa kiti pamoja na msindikizaji wake ni upana wa sentimita 110 na kina cha sentimita 140. Mtambo mpya ungeweza kuongeza sentimita chache, lakini kuta za shimo la lifti hazisogei. Vikanyagio vinaweza kung'olewa kila safari, bila shaka, na miguu ikakunjwa chini ya kiti. Ila yeyote aliyewahi kuona misuli ikikaza kwa ghafla kwenye miguu ya mtu mwenye ugonjwa huu hatalitaja hilo kama suluhisho la kila siku.

Hapo ndipo wakili aliingia, na mchango wake unastahili kuelezwa kwa utulivu kwa sababu wanunuzi wengi wageni huambiwa nusu tu ya sheria. Majengo yenye wamiliki wengi nchini Hispania huongozwa na Sheria namba 49 ya mwaka 1960, ambayo imerekebishwa mara nyingi. Kifungu chake cha 10 kinailazimisha jumuiya ya wamiliki kufanya kazi za kuondoa vizuizi, ikiwemo kuweka njia za mteremko, lifti na vifaa vingine vya umeme, pale mmiliki anapoomba kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu au aliyepita miaka 70. Kazi hiyo haisubiri kura ya kuiruhusu, mradi kiasi kinachotozwa kwa mwaka, baada ya kutoa ruzuku za serikali, hakizidi ada za kawaida za miezi 12. Katika jengo hili kila fleti hulipa euro 80 kwa mwezi, hivyo kwa fleti 20 mpaka huo ni euro 19,200. Gharama ikizidi, ulazima hauondoki ikiwa aliyeomba atakubali kulipa kilichozidi. Nje ya masharti hayo kazi inahitaji kura ya wingi wa wamiliki wanaoshika pia wingi wa hisa za jengo.

Dalali aliisoma sheria hiyo mbele ya wazazi kwa ushindi, kana kwamba jukwaa limeshafungwa. Wakili akamwonyesha maneno aliyoyaruka. Kifungu kinazungumzia fleti ambamo mtu huyo anaishi, anafanya kazi au anatoa huduma ya kujitolea. Je, anayekuja wiki kumi kwa mwaka anaishi hapo? Jirani asiyetaka kuchangia hata senti ataliuliza swali hilo katika mkutano wa kwanza, na familia inayotaka kupumzika haitapenda kulijibu mahakamani. Kisha wakili akatoa wazo ambalo kwangu ndilo bora zaidi katika kisa kizima: atafutwe kwanza, miongoni mwa wamiliki wanaoishi humo mwaka mzima, mzee aliyepita miaka 70 ambaye naye anahangaika na vipandio hivyohivyo. Ombi likitoka kwake, hoja ya kuishi au kutoishi hapo inakosa mguu wa kusimamia.

Ili kujua kama mzee huyo yupo, ziliombwa kumbukumbu za mikutano ya jumuiya za miaka minne, pamoja na cheti cha katibu kuhusu madeni. Cheti hicho si karatasi ya kupuuzwa, kwani anayenunua hurithi madeni ya ada za jumuiya za mwaka wa ununuzi na miaka mitatu iliyotangulia, na nyumba yenyewe ndiyo dhamana. Madeni hayakuwepo. Kumbukumbu, kwa upande wao, zilionyesha kwamba suala la vipandio lilijadiliwa mara mbili na kuahirishwa mara mbili, na kwamba mwaka uliofuata jumuiya ilijadili kupaka rangi ukuta wa mbele. Majirani wazee walikuwepo. Nia ya jengo haikuwepo.

Hebu tusimame kidogo kwenye arubuni. Waswahili tulilipata neno hili kutoka Kiarabu, nao Wahispania huliita malipo hayohayo arras, neno lililopitia Kigiriki na Kilatini likitokea katika shina lilelile la Kisemiti. Kwa hiyo mnunuzi Mswahili na muuzaji wa Málaga wanalishika neno moja kwa ncha mbili. Athari yake imeandikwa katika kifungu cha 1454 cha Kanuni ya Kiraia ya Hispania: mnunuzi akijitoa anaipoteza, muuzaji akijitoa anairudisha mara mbili. Kwa fleti hii maana yake ni euro 21,000 kwa upande mmoja na euro 42,000 kwa upande mwingine. Kulipa arubuni tupu na kusubiri majirani wapige kura ni kuweka euro 21,000 mikononi mwa watu ambao hawajawahi kukutana na binti huyu. Wakili alishauri mkataba uwe na sharti: mkutano wa jumuiya uidhinishe jukwaa la mlangoni kabla ya tarehe iliyotajwa, la sivyo arubuni irudi yote. Muuzaji, aliyekuwa na wateja wengine wawili wanaopanda vipandio bila taabu, alikataa. Wazazi wakaondoka.

Mama alilia, na namwelewa, maana mandhari ya roshani ile hayakuwa ya kawaida.

Sasa turudi kwenye Machi, kwa sababu hata kama jumuiya ingekubali, bado kulikuwa na kosa la pili lililojificha ndani ya tarehe ya safari. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza jinsi wagonjwa wa skelerosisi walivyopungukiwa na uwezo wa kuona baada ya kufanya mazoezi, na baadaye ikabainika kwamba kinachosababisha ni kupanda kwa joto la mwili. Neva iliyopoteza utando wake hupitisha ujumbe kwa shida, na ongezeko la nusu nyuzi tu linaweza kutosha kuukata. Hali hiyo hupita mwili unapopoa, lakini kwa saa kadhaa mtu aliyeweza kusimama akisaidiwa na mmoja huhitaji wawili. Málaga mwezi Machi ni ya kupendeza. Málaga mwezi Agosti hupita nyuzi 30 mchana, na upepo mkavu uitwao terral ukivuma kutoka bara, joto linaweza kufika nyuzi 40 na kukataa kushuka usiku.

Kwa binti huyu, basi, kipoza hewa ni sehemu ya matibabu, na kipoza hewa kinategemea jambo ambalo wageni wachache hulikagua. Nyumba za Hispania huwa na kikomo cha nguvu ya umeme kilichoandikwa katika mkataba. Fleti ile ilikuwa na kilowati 3.45. Vipoza hewa viwili, hita ya maji na jiko vikiwaka kwa pamoja, umeme wa nyumba nzima unakatika. Kikomo kinaweza kupandishwa, na malipo ya kila mwezi yanapanda nacho, lakini waya za miaka ya 1970 zinaweza kudai ukaguzi na ukarabati kwanza. Kwa mtu anayetumia interferoni, mojawapo ya dawa za ugonjwa huu, ambayo huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, friji iliyozimika mchana kutwa nayo ni hasara.

Safari yenyewe nitaipitia kwa ufupi, isipokuwa jambo moja. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1107 ya mwaka 2006, ambayo Uingereza iliibakiza katika sheria zake, inampa abiria mwenye ulemavu haki ya kusaidiwa uwanjani na ndani ya ndege bila malipo, akitoa taarifa saa 48 kabla, na haki ya kusafirisha vifaa viwili vya kumwezesha kutembea. Hayo yanafahamika. Kinachofahamika kidogo ni kwamba kiti kikivunjwa kwenye shehena, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 hukihesabu kama mzigo, na fidia yake ina kikomo ambacho tangu mwishoni mwa 2024 ni vizio 1,519 vya fedha za hesabu za Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), yaani karibu dola 2,000 za Marekani. Kiti cha umeme kilichotengenezwa kwa vipimo vya mtumiaji huweza kuzidi kiasi hicho mara kadhaa. Mkataba unaruhusu abiria atangaze thamani halisi anapokabidhi kiti na alipe nyongeza, na bima maalumu inaweza kuziba pengo. Familia inayosafiri mara tatu kwa mwaka inakikabidhi kiti mara sita. Hatari hiyo iingizwe katika gharama za nyumba kama inavyoingizwa kodi.

Siku nazo zina mpaka. Tangu 2021 Mwingereza asiye na kibali cha ukaazi haruhusiwi kukaa katika nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, zaidi ya siku 90 ndani ya kila siku 180, na msaidizi wake vilevile. Wiki kumi zinatosha. Ila baba alikuwa na ndoto ya kuhamia huko majira yote ya baridi baada ya miaka michache, na ndoto hiyo inagonga mpaka mwingine usiohusiana na Schengen: posho ya ulemavu anayolipwa binti nyumbani, iitwayo PIP, huendelea kulipwa mtu akiwa nje kwa muda usiozidi wiki 13, isipokuwa amekwenda kwa matibabu.

Mwezi Agosti mwaka huohuo walifanya kile ambacho wangekifanya tangu mwanzo. Walipanga nyumba kwa majuma mawili Fuengirola, na safari hii binti alikuwa nao. Fuengirola haina mandhari ya Benalmádena, lakini njia yake ya watembea kwa miguu kando ya bahari ni tambarare kwa kilomita kadhaa, na treni inayotoka katikati ya Málaga hupitia uwanja wa ndege na kuishia hapo. Binti alikuwa na daftari. Aliandika saa ambazo aliweza kutoka nje, dakika ambazo mwili ulichukua kupoa, na mahali ambapo kiti kilikwama. Siku ya nne aliwaambia wazazi kwamba saa za mchana hazimfai kwa lolote, na kwamba kama nyumba inanunuliwa kwa ajili yake basi ya Agosti iachwe na vipindi viwe Aprili, Juni na Oktoba. Hakuna dalali, wakili wala mzazi ambaye angeweza kulisema hilo kwa niaba yake.

Fleti waliyoipata ilikuwa ya chini, katika jengo la miaka ya 1990 lenye njia ya mteremko iliyojengwa tangu mwanzo, bei euro 205,000. Tangazo lake halikutaja ulemavu popote, na ni rahisi kuona sababu: bafu lilikuwa na beseni refu la kuogea, mlango wa chooni ulikuwa wa sentimita 68, na kwenye kutokea barazani kulikuwa na kizingiti cha sentimita 4. Kwa ndani ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Hayo yote, hata hivyo, yamo ndani ya kuta zinazouzwa, na kuyarekebisha kunahitaji fundi na kibali cha kazi ndogo kutoka halmashauri ya mji. Bafu lilichorwa upya ili libaki duara tupu la kipenyo cha mita 1.5 la kugeuzia kiti, na fundi aliombwa athibitishe kwamba dari inaweza kubeba reli ya kumnyanyua mtu. Reli yenyewe haitafungwa sasa. Binti ndiye aliyesisitiza dari ipimwe, kwa kuwa anaujua ugonjwa wake unakoelekea.

Kodi ya uhamisho katika jimbo la Andalusia ni asilimia 7, yaani euro 14,350. Kipo kiwango kilichopunguzwa kwa wanunuzi wenye ulemavu, lakini ni kwa makazi ya kudumu. Nyumba ya likizo haimo. Nataja hilo kwa sababu ahadi ya punguzo ndiyo iliyomfanya baba afikirie kuandikisha nyumba kwa jina la binti, na kufanya hivyo kungemgharimu mara mbili. Punguzo asingelipata, na huko nyumbani binti hupokea msaada unaopimwa kwa mali: mwenye akiba au mali inayozidi pauni 16,000 huondolewa kwenye msaada huo, na nyumba ya pili huhesabiwa. Mpango wa pili wa baba ulikuwa kuiweka nyumba chini ya wadhamini, yaani watu wanaoishika mali kwa manufaa ya mtu mwingine, kama familia nyingi za Uingereza zenye mtoto mwenye ulemavu zinavyofanya, lakini sheria ya Hispania haiutambui utaratibu huo wa wadhamini, na hati ingeishia kuleta maswali kwa msajili na kwa watu wa kodi.

Hatimaye wazazi walinunua kwa majina yao wenyewe. Katika wosia walichagua sheria ya nchi yao, kama Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 650 ya mwaka 2012 inavyoruhusu, ili wasifungwe na mafungu ya lazima ya urithi ya Hispania. Wakili alipendekeza umiliki uende kwa kaka yake binti, na binti apewe haki ya kuitumia nyumba maisha yake yote, ingawa thamani ya haki hiyo nayo itabidi ipimwe dhidi ya ule mpaka wa pauni 16,000. Binti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo halimo katika hati yoyote: wazazi wakishakuwa hawawezi kusafiri, nani atakayemsindikiza, maana haki ya kutumia nyumba aliyo nayo mtu asiyeweza kuifikia ni karatasi. Kaka yake alisema angefikiria. Siku ya kutia saini mbele ya mthibitishaji, hilo ndilo swali pekee lililokuwa bado halijajibiwa.